Yule wa Video Alitangulia Kufika Nyumbani

Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo ya mipira ya maji, na bado kilinuka mpira. Binti wa kamera aliziba dirisha kwa godoro, akamkalisha fundi wa pampu kwenye stuli, akambania kipaza sauti kidogo kwenye kola ya ovaroli.

Kampuni ilikuwa imechoka kurudishiwa pampu zilizoungua. Wateja waliziwasha kavu, halafu wakaja juu dukani. Karatasi ya maelezo hawakuisoma. Meneja akaamua watumiwe video, na wale walio njiani wapewe podikasti ya kusikiliza.

"Kwa nini mimi?" fundi aliuliza. Kiwandani walimwita Spana, kwa sababu hakuwa na maneno, alikuwa anakaza tu.

"Meneja kasema mikono yako inaaminika. Sura tutaizoea."

Spana alisoma maelezo kama mshtakiwa anayejisomea hukumu. Binti akazima kamera.

"Mzee, unawatisha watu. Waache wateja. Chagua mtu mmoja unayempenda, uongee na huyo."

Spana akaitazama lenzi, akamchagua mkewe. Hakumwambia binti.

"Usiogope," alisema. "Usiiwashe kavu. Ijaze maji kwanza, polepole, mpaka mapovu yaishe. Ikikoroma usiipige. Kaa nayo karibu, isikilize. Mimi nipo, mke wangu."

"Hilo la 'mke wangu' nalikata," alisema binti. "Wateja watajiuliza."

Alikata pia vikohozi, miguno na tusi moja. Vipande vilidondoka chini ya meza ya kompyuta, vyenye ncha, kama mabaki ya chuma kilichokerezwa. Alivifagia, akavitia kwenye kifuko cha plastiki, akampa mwenyewe. Spana akakitia kwenye mfuko wa kifuani.

Pampu zikaacha kurudi. Watu walitumiana ile video hata wasiokuwa na pampu. Wanawake wawili walifika dukani kuulizia kama yule fundi ameoa.

Mkewe alikuwa mshonaji, cherehani yake ipo sebuleni. Dada yake alimtumia podikasti, naye akaisikiliza mguu ukiwa umesimama juu ya pedali. Spana aliporudi alimkuta hajawasha hata taa.

"Mwenzangu," alisema, "ulikuwa unaongea na nani mle?"

Masikio ya Spana yakawaka moto.

"Na wateja. Niongee na nani mwingine?"

"Haya," alisema mkewe, akarudi kwenye kushona.

Siku iliyofuata Spana alipofika nyumbani, yule wa video alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye kiti cha Spana, ovaroli safi. Mwanga ulimpiga shavu la kushoto kama ule wa taa ya kule stoo, ingawa dirisha la sebule lilikuwa kulia. Mkewe alikuwa ameongeza sahani.

"Huyu kaja saa ngapi?"

"Mapema. Mwenzio akitoka kazini hapitii kokote."

Spana akavuta kigoda, akala. Yule hakukohoa wala hakuguna. Maneno yake yalikuwa yale yale ya kwenye video, hakuongeza hata moja, lakini alijua pa kuyaweka. Uzi ulipokatika, alisema, "Polepole." Mkewe alipolalamika mgongo, alisema, "Usiogope. Mimi nipo." Mkewe akacheka kicheko ambacho Spana hakuwa amekisikia tangu wachumbiane. Kilimchoma kuliko cheche ya kulehemu.

Wiki hiyo shemeji yake alipita, akawasalimia wote wawili, akaketi upande wa yule mgeni.

"Shemeji usinune," alimwambia Spana. "Wewe tulikuwa tunakuvumilia tu."

Spana alijaribu. Alisimama nyuma ya cherehani, akasema "usiogope" kwa sauti iliyomfanya mkewe aruke, sindano ikamchoma kidole. Yule wa video ndiye aliyeshika kile kidole. Spana alitoka nje akakaza koki ya bomba mpaka ikapinda.

Jioni moja mkewe aliweka kitambaa chini, akamgeukia yule mgeni.

"Na wewe niambie. Ulikuwa unaongea na nani?"

Yule wa video akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akautazama mfuko wa kifuani wa Spana. Mkewe naye akautazama.

Ncha za vile vipande zilikuwa zimekwishaanza kutoboa mfuko. Humo ndani kitu kilikuwa kinasema kwa sauti ndogo, kama simu iliyosahauliwa chini ya mto.

"Mna nini humo?"

Spana alipiga hesabu. Akifungua, maneno yale yatatoka mbele ya yule, na yule atayasema vizuri kuliko yeye.

"Takataka za kazini," alisema.

"Mfuko umetoboka. Nikushonee?"

"Ushone. Na juu pia, uzibe kabisa."

Alivua ovaroli, akampa. Mkewe akashona pande zote, akarudia mara ya pili, maana kitu kilikuwa kinamtekenya viganja. Kisha akakata uzi kwa meno.

"Mimi nipo," alisema yule wa video.

"Najua," alisema mkewe, akamsogezea chai. Ya Spana akaiacha mezani, karibu na mkasi. Spana akaifuata, akakohoa, akainywa imepoa.