Bango la Bei Lililoota Kiwanjani

Saa mbili na nusu asubuhi ya Jumatatu, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, Bwana Ormerod alitoka kwenye kibanda cha mafuta cha supamaketi ya Brindle mjini Skelbeck, akasimama ukingoni mwa barabara, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaandika neno moja kwenye fomu: hakuna. Fomu ilikuwa na swali moja tu la maana. Iliuliza kama kuna bango la bei la mshindani linaloonekana kutoka hapo, na kama lipo, linasema ngapi. Akaituma makao makuu, na makao makuu wakamrudishia bei ya siku hiyo: peni mia na hamsini na tano kwa lita, pamoja na ile nukta tisa ya peni ya mwishoni ambayo hakuna mtu aliyewahi kuishika mkononi.

Lorna Sugden alikuwa pampu ya tatu akijaza mafuta ya pauni ishirini. Kazi yake ilikuwa kuzunguka majumbani mwa wazee wasiojiweza, awaamshe, awaoshe, awape dawa na chai, kisha akimbilie nyumba nyingine. Kampuni ilimlipa dakika alizokaa ndani ya nyumba za watu. Dakika za barabarani zilikuwa zake na Mungu wake, na mafuta alijinunulia. Baada ya kodi ya nyumba na umeme, pauni ishirini ndizo zilizobaki kwa wiki nzima.

Kwa bei ile, pauni ishirini zilifika Jumamosi jioni zikakata roho. Na Jumapili ilikuwa na mtu wake, Mzee Wilf Oldroyd, mwenye miaka themanini na sita, aliyeishi peke yake maili sita juu ya nyika, kwenye nyumba ya mawe yenye upepo pande zote. Jumapili mbili mfululizo gari la Lorna lilizimika kwenye lango la chini, akapanda kilima kwa miguu huku mvua inamwingia shingoni. Ofisini walikuwa wameshamwambia wazi: mzee wa siku saba anahitaji mtu wa siku saba. Akishindwa, Mzee Wilf atapelekwa nyumba ya wazee kule Marrowby, na nyumba ile ya mawe itafungwa.

Marrowby ilikuwa maili kumi na nne upande wa pili wa nyika. Huko supamaketi mbili zilitazamana mlango kwa mlango, na mojawapo ilikuwa Brindle hiyohiyo. Lori lilelile la mafuta lilipita Skelbeck, likamwaga nusu, likaendelea hadi Marrowby kumwaga nusu iliyobaki, na ile nusu ya pili ikauzwa peni kumi pungufu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru wote walikuwa Marrowby. Dada yake Lorna alimuuliza mara moja kwa nini asiende kujaza huko.

"Nikifika nimeshachoma nilichookoa," Lorna akamjibu, "na wazee wangu watakuwa bado kitandani na nguo za usiku."

Usiku wa Jumanne mvua ilinyesha sana. Asubuhi yake bango likachomoza kwenye kiwanja kilicho mkabala na Brindle, katikati ya viwavi, ile mimea inayowasha. Kiwanja hicho kilikuwa cha Mzee Wilf zamani. Aliwauzia watu waliosema watajenga supamaketi ya pili, miaka kumi na miwili iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyeweka hata tofali. Bango lilipotoka lilikuwa fupi, limefunikwa na utando mweupe kama uyoga. Ijumaa lilikuwa limefika kiunoni mwa mtu. Jumamosi tarakimu zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine, na ile tisa ya mwisho ilichelewa kidogo kama jino la mwisho la mtoto.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili na nusu, Bwana Ormerod alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akatazama mbele. Bango lilisema peni mia na hamsini. Akafuta mvua kwenye miwani yake, akaandika alichokiona, akatuma. Kabla saa haijaisha, makao makuu wakarudisha bei mpya, peni mia na hamsini kasoro moja.

Msichana wa kaunta, Tamsin, alimwuliza kama inaruhusiwa.

"Fomu inauliza bango," Bwana Ormerod akasema. "Haiulizi kama limejengwa au limeota."

Kila siku bei ya bango ilishuka kidogo, na Brindle ikaifuata. Watu wa Skelbeck walijaza mafuta yao, wakatikisa vichwa kuhusu hali ya hewa, wakaenda zao. Mabishano yaliyokuwapo yalihusu kondoo wa jirani, waliopenda kujikuna pale kwenye shina, na mwisho mtu mmoja akaleta waya akalizungushia ua. Mwanamke wa duka la mikate alilimwagilia maji yaliyobaki ya kuoshea vyombo. Lorna naye alilipitia kila Jumatatu, akang'oa viwavi vilivyolibana, kisha akavuka kwenda pampu ya tatu. Hakuwa mtu wa kuomba vitu, ila alipokuwa ameinama pale aliliomba lisife.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo, alipanda hadi mlangoni kwa Mzee Wilf kwa gari, hita ikiwaka.

"Nimesikia injini," mzee akasema toka kitandani. "Umeolewa na tajiri, binti yangu?"

"Tajiri gani atanitaka na mikono hii inayonuka sabuni ya wazee? Bei imeshuka, mzee. Kwenye kile kiwanja chako cha zamani kumeota bango."

Mzee Wilf alilifikiria hilo wakati anavalishwa soksi.

"Pale palikuwa panaota chochote," akasema. "Baba yangu alikuwa anapanda viazi pale, kimoja kinatosha watu watatu. Ni ile samadi."

Lorna akamkatia kipande cha keki ya zabibu na kipande cha jibini juu yake, kama alivyopenda, akamketisha dirishani. Mzee akamweleza, kwa mara ya mia, jinsi alivyokiuza. Binamu yake alikitaka kwa ajili ya kondoo na alitoa bei nzuri. Lakini akaja bwana mmoja mwenye viatu safi, akaketi kwenye meza hiihii, akala keki na jibini vipande viwili, akasema mji unahitaji supamaketi ya pili ili bei zishuke. Mtu aliyekula keki yako mara mbili humuulizi karatasi imeandikwa nini. Mzee Wilf alimshika mkono, kisha akatia sahihi.

"Niliwafikiria ninyi," akasema. "Mimi gari nilikuwa nimeshaacha."

Jumapili tatu zilipita hivyo. Bango lilikuwa limefika urefu wa nyumba na lilisema mia na arobaini na tano, sawa na Marrowby. Wiki ya nne akaja Bi Pascoe kutoka makao makuu ya Brindle, amevaa viatu vya matope ambavyo havijawahi kuona tope. Akavuka barabara na Bwana Ormerod. Lorna alikuwa kule kiwanjani, viwavi alivyong'oa vimemjaa mkononi, akasogea kando kuwapisha.

Bi Pascoe aligonga shina kwa kidole.

"Lina pampu?"

"Bado changa," Bwana Ormerod akasema. "Pampu labda mwakani."

"Haliwezi kuwa na pampu. Kwenye ardhi hii hakuruhusiwi kuuzwa chakula wala mafuta. Imeandikwa kwenye hati ya mauzo, milele."

"Nani aliandika hivyo?"

"Sisi. Kiwanja ni chetu, Bwana Ormerod. Tulikinunua kwa jina jingine, miaka kumi na miwili sasa." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza choo kilipo. "Kwa hiyo kinachoota hapa ni chetu, na mtu hashindani na nafsi yake. Kuanzia kesho andika hakuna."

"Lakini lipo. Nitaandikaje hakuna?"

"Utaandika kama ulivyoandika miaka kumi na tisa, na hakuna aliyekulalamikia."

Bwana Ormerod akachomoa kalamu. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na mkewe alikuwa na goti la kufanyiwa upasuaji. Alipiga mstari juu ya bei aliyoiandika, akakunja karatasi. Lorna akaviangusha viwavi vyake chini, akagundua mkono wote umevimba kwa kuwashwa.

Alasiri ikaja trekta kung'oa bango. Walifunga mnyororo, wakavuta, na lami ya maegesho ya Brindle ikainuka upande wa pili wa barabara, kwa sababu mizizi ilikuwa imeshapita chini hadi kwenye matangi ya mafuta. Bi Pascoe akawaambia waache, kutengeneza lami ni ghali kuliko bango. Kesho yake bei ikarudi juu, ikaongezewa peni moja.

Lorna alimwambia Mzee Wilf Jumatano ya wiki iliyofuata, wakati anamnyoa, kwa kuwa asingependa alisikie kwa mtu mwingine. Mzee akamgeuzia shavu la pili.

"Kumbe ndio haohao," akasema. "Wakala na keki yangu."

"Hukujua, mzee."

"Binamu yangu angeweka kondoo tu." Akajipangusa povu sikioni. "Kondoo hawadanganyi. Basi Jumapili usije. Nitabaki kitandani, siku moja hainiui."

Alikuja. Gari likazimika kwenye lango la chini, akapanda kwa miguu, na alipofika saa nne na nusu mzee alikuwa sakafuni jikoni tangu alfajiri, kanyoosha mkono kwenye birika. Hakuvunjika kitu. Lorna akalazimika kuandika ripoti, na ofisini wakaisoma. Ijumaa gari jeupe likamchukua Mzee Wilf na sanduku moja, na Lorna akazima jiko la nyumba ya mawe, akafungua bomba maji yatoke yasigande humo kwa baridi, akafunga mlango.

Wiki iliyofuata, bila kile kilima cha kupanda kila siku, mafuta yalibaki. Jumapili ilifika na tangi lilikuwa na zaidi ya robo. Lorna aliketi ndani ya gari mbele ya nyumba yake, akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akawasha akaenda Marrowby.

Walikuwa wamempa Mzee Wilf chumba cha mbele, kinachotazama supamaketi mbili na mabango yake mawili. Alikuwa amevalishwa sweta la mtu mwingine.

"Usiku kucha wanashushana," akasema. "Huyu akipunguza, yule anapunguza. Kwetu huko limeandika ngapi?"

"Bango linasema mia na arobaini na nne."

"Na pampu?"

"Mia na hamsini na sita."

Mzee Wilf akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza habari za shamba lake.

"Basi jaza hapahapa kabla hujarudi."

Alijaza. Maili kumi na nne za nyika zilikula alichookoa na zaidi kidogo.

Jumatatu asubuhi alisimama pampu ya tatu kuongeza ya wiki. Kulikuwa na ukungu. Saa mbili na nusu Bwana Ormerod alitoka kibandani, akavuka barabara, akaruka ule waya, akapangusa ukungu kwenye tarakimu kwa mkono wa koti lake hadi zote zikasomeka, hata ile tisa ya mwisho. Alipokuwa anarudi Lorna akamwuliza linasema ngapi leo. Akamtajia. Kisha akatoa fomu mfukoni, akaiegemeza kwenye paa la gari la Lorna, akaandika hakuna.