Mkimbiaji Anayenuka Moshi

Nguo za mdogo wangu nilikuwa nazifua mimi, na nisiseme uongo, sikuzifua kwa huruma tu. Nguo ya mtu ina maneno. Ukigeuza mfuko unajua alikopita, ukinusa kola unajua alikokaa. Rafique alikuwa akiniambia kila alasiri anakwenda mazoezini, anakimbia njia ya Olumbi na kurudi. Mimi nikiangalia viatu vyake vya mbio, soli ina mistari yake yote kama ilivyotoka dukani. Miezi miwili mtu anakimbia juu ya nini, juu ya hewa?

Tena alikuwa ananenepa.

Mimi ni Ancha, nakaanga bajia sokoni hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na kabla ya kuolewa nilikuwa nakimbia. Shule nzima hakuna aliyeniweza mita mia nane, si msichana si mvulana. Nikaolewa, nikaachwa, mbio zikaishia hapo. Mama alipofariki tukiwa ukimbizini, Rafique akabaki mikononi mwangu, na siku aliposhinda mashindano ya wilaya nililia mbele za watu bila haya. Mwalimu wa michezo akasema huyu atafika Pemba, makao ya mkoa, na akifika Pemba atafika Maputo. Nikatangaza soko zima. Wauza samaki wakawa wananiita mama mkimbiaji, nami naitika. Hata alipoingia chuo cha ualimu nilimwambia ualimu ni wa kusubiria tu, miguu ndiyo elimu yake.

Sasa moshi. Mimi moshi naujua, ndio kazi yangu. Wa makaa unakaa kwenye nywele, wa makumbi ya nazi unauma macho. Wa shati la Rafique ulikuwa wa makuti na nyasi, moto wa haraka wa watu wasiotaka kukaa mahali. Sisi tuliolala porini mwaka ule waasi walipoishambulia Palma tunaujua moshi huo. Nikamwuliza. Akasema kuna watu wanachoma mashamba kandokando ya njia. Ilikuwa Februari, mvua inanyesha asubuhi na jioni, na mashamba huchomwa kiangazi, hata mtoto aliyezaliwa jana anajua. Kwa hiyo aliniona mimi mjinga.

Halafu vidole vyake. Ncha zimekuwa ngumu, nyingine zimevimba. Sijaona mtu anayekimbia kwa mikono.

Jirani yangu Dalila alikuwa na kijana aliyeaga kwamba anakwenda kuvua kisiwani Macaloe. Hakurudi. Baadaye watu wakasema ameonekana msituni na bunduki, na tangu hapo hakuna anayemwomba Dalila hata chumvi. Nikamwendea, nikamsimulia yangu kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Hakungoja nimalize.

"Wangu naye alianza kurudi na moshi," akasema. "Nikamfulia shati, nikanyamaza. Wewe usinyamaze, Ancha."

Kutoka hapo nilikwenda uwanjani. Mwalimu wa michezo alidhani nimeleta udhuru, maana Rafique hajakanyaga pale tangu Desemba. Nikamwambia mtoto anaumwa. Uongo ulinitoka kabla sijaufikiria.

Siku mbili nikatembea na siri hiyo mdomoni. Mtaa wetu una sheria yake: mgeni akiingia, katibu aambiwe, kijana asipojulikana anakokwenda, aambiwe, na anayeficha anahesabiwa pamoja na aliyefichwa. Nikisema, huenda nampoteza ndugu yangu wa pekee kwa mdomo wangu mwenyewe. Nisiposema, huenda nampoteza vilevile, na wa watu wengine juu yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na hizo nguo nilikuwa nazifua mimi.

Siku ya tatu nikamwambia katibu wa mtaa, Mzee Amade, mtu mpole asiyejua kubakiza neno. Hakunilaumu wala hakunisifu. Alivaa kofia yake, akaenda kuita askari wawili.

Alasiri Rafique akaaga kama kawaida, begi mgongoni, viatu vya mbio miguuni ili nivione. Tukamfuata kwa mbali. Hakushika njia ya Olumbi. Alizunguka nyuma ya chuo, akaingia kwenye minazi, na juu ya minazi nikaona moshi. Askari mmoja akaniambia nikae chini, nikakaa kwenye matope, nikaanza kusoma dua zote ninazozijua na nusu ya nisizozijua.

Askari wakaingia ghafla minazini, wakaamuru mikono juu. Kitu kikaanguka, kikabingirika mpaka karibu na miguu yangu, kikalala. Kilikuwa tari.

Vijana sita walikuwa wamechuchumaa kuzunguka moto wa makuti, kila mmoja na tari au ngoma yake ameielekeza motoni. Mwalimu wao wa muziki, Luís, Mmakonde wa Mueda, alitoka nyuma ya ukuta wa chuo mikono juu, tarumbeta imo katika mkono mmoja. Alieleza kwa Kireno, kisha kwa Kiswahili. Hii ni bendi ya chuo. Mvua hizi zinalegeza ngozi, na ngoma isipokanzwa hailii.

Na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Baba yetu alikuwa mpiga tari wa maulidi. Kila Mfungo Sita alikanza matari uani, na mimi ndiye niliyemwokotea makuti. Moshi ule nimekua nao. Ndani ya shati la Rafique kulikuwa na harufu ya ngozi iliyopata moto, ilikuwapo kila siku, na pua yangu iliipita ikaenda moja kwa moja porini.

Askari hawakuamini haraka. Wakataka wasikie. Rafique ndiye aliyeanza, na wenzake wakamfuata. Nasema kweli, alikuwa hodari. Alikuwa hodari kuliko alivyopata kuwa mbioni, na hilo liliniuma. Askari mmoja akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo, bunduki ikarudi begani.

Mambo yangekwisha hapo. Lakini Mzee Amade akaona vema awatulize vijana kwa ukweli: wasiwe na hofu, hakuna aliyewasema kwa chuki, ni dada yake Rafique tu, mwanamke mwenye macho. Wote wakageuka kuniangalia na kanga yangu ya matope.

Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Niliongea mimi, maana mwenye kosa ndiye huwa na maneno mengi. Kwa nini hakuniambia, angeniambia haya yasingetokea, na Pemba je, na Maputo je. Akasimama. Huniita mana, kama vijana wa chuo wanavyowaita dada zao.

"Mana, mimi kukimbia nilishakimbia," akasema. "Siku ile, na mama. Kila nikisimama kwenye mstari naisikia ile siku. Kwenye ngoma siisikii."

Nikasema ningemwelewa.

"Usingenielewa. Ilikuwa rahisi kwako kuamini nakwenda kuchinja watu, kuliko kuamini nimeacha mbio zako."

Mbio zako, alisema.

Alivua viatu mlangoni, akaviweka chini ya kitanda changu. Vinanitosha, nilivijaribu siku moja hayupo, nikavirudisha. Bendi ilipopiga uwanjani nilisimama nyuma ya watu nikapiga makofi mpaka viganja vikaniwaka. Hagombani nami. Ananisalimu, anakula bajia zangu, ananiita mana kama zamani. Ila nguo zake sasa anafua mwenyewe, na akishazianika anakaa hapohapo kuzingoja mpaka zikauke.