Kambare Saba Kifuani mwa Bohumir

Kila Jumamosi baada ya kahawa, Bohumir hubadilisha maji ya tangi lake la samaki, sebuleni, ghorofa ya nne, mjini Karvina. Hutumbukiza ncha moja ya mpira, huvuta nyingine kwa mdomo mpaka maji yaje, kisha huielekeza ndooni. Jumamosi hiyo alivuta mara tatu, wapi! Miaka ishirini na sita ya kuchimba makaa ya mawe, na leo pumzi ya kuvuta mpira hana. Mkewe Drahomira akaogopa, akajifanya anafuta meza.

Kambare saba wa maporomoko ya Kongo, wale wa kung'ang'ania mawe kwa midomo ya kunyonya, wakatoka majini, wakapita juu ya mpira, wakamganda kifuani. Walinyonya robo saa, wakarudi. Maji yakawa meusi tii. Bohumir akavuta mpira, maji yakaja.

"Afadhali," akasema. "Ila wana midomo ya baridi hawa, we mama!"

Ikawa hivyo kila siku. Yeye alipata pumzi, wao wakazidi kuwa weusi. Mwezi haukuisha wakafa wawili. Drahomira akashindwa hata kula. Akawatia watano waliobaki kwenye ndoo, akamshika mumewe mkono, wakaenda kwa daktari wa mgodi. Bila cheti cha daktari huyo, mtu hapewi mashine ya kupumulia, na mara mbili ameshaandika kwamba Bohumir ni mzima.

Daktari akampiga picha ya kifua. Samaki nao akawapiga picha.

"Samaki wana vumbi la makaa, tena baya," akasema. "Mzee hana."

"Si wamemnyonya wao, daktari!"

"Naona, mama. Lakini mimi naandika kilichomo, siandiki kilichotoka. Akae miezi mitatu bila samaki, vumbi lililobaki ndani lipande hadi lionekane pichani, halafu mje."

"Miezi mitatu? Kwa pumzi ipi, jamani?"

Daktari akaita mgonjwa mwingine.

Nyumbani, Bohumir alivumilia siku mbili. Ya tatu midomo ikageuka bluu. Drahomira akamvua shati, akamlaza kando ya tangi.

"Cheti kitatupita," akasema Bohumir.

"Kipite. Nyamaza upumue."

Kambare wakapanda, naye Drahomira akawahesabu kwa sauti: mmoja, wawili, watatu, wanne. Akamsubiri wa tano. Hakuja.