Simu ya Kupokea

Mwaka 2005 misheni iliamua kwamba sisi madereva wake wawili tuwe na simu za kazi. Mwenzangu Jumanne alichukua ya kwanza aliyoonyeshwa. Mimi sikurupuki. Nilikaa dukani kwa Swalehe, karibu na stendi ya Nachingwea, tangu saa tatu mpaka adhuhuri, nikiuliza hili na lile hadi wateja wengine wakaanza kuguna. Waache wagune. Gari langu ndilo lililokuwa likibeba wajawazito wa vijiji vya Ruangwa, na safari hiyo mmoja wao alikuwa Valentina, dada yangu wa tumbo moja, aliyeolewa Nandagala. Alikwishazika watoto wawili kwa sababu ya kuchelewa hospitali. Niliapa wa tatu hatazikwa nikiwa na usukani mkononi.

Swalehe aliweka laini mbili mezani.

"Hii inakata kwa sekunde, ila usipoongeza vocha mwezi mmoja wanaifunga. Hii nyingine inakata dakika nzima hata ukisema haloo tu, lakini inakaa hewani miezi sita bila kuweka kitu."

"Zote zinashika Nandagala?"

"Zote. Unapanda kichuguu cha nyuma ya zahanati, unaongea."

"Nipe ya miezi sita. Mimi dereva, kazi yangu kupokea."

"Na waya wa masikioni, braza? Unaongea huku mikono iko kwenye usukani."

"Nipite Ruangwa nzima naongea peke yangu, watu waseme Teofili kapagawa?"

Akacheka, nami nikacheka. Nilitoka pale najiona mjanja kuliko Jumanne.

Nesi Goreti wa zahanati ya Nandagala akanunua laini kama yangu. Vocha alijinunulia mwenyewe, na mshahara wake tulikuwa tunaujua. Kwa hiyo tukapatana tutabipiana, unaita kidogo na kukata, kama kila mtu alivyofanya siku zile. Kupokea bipu ya mtu ilikuwa utovu wa adabu. Umemlia dakika yake nzima, naye alitaka kukushtua tu. Bipu moja, njoo. Mbili, fanya haraka. Tatu, mama yuko hatarini, kimbiza gari. Nikaandika kwenye karatasi na kuibandika karibu na usukani, ingawa nilikuwa nimeikariri.

Bipu ya kumchukua Valentina iliingia mwezi wa tatu, saa mbili asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Ilikuwa moja. Nikawasha gari.

Mpaka Ruangwa mjini sikuwa na wasiwasi. Kutoka hapo unaweza kwenda Nandagala kwa njia mbili: ya mkato inayovuka korongo, na ya mzunguko inayopita kwenye ghala la korosho. Nikashika ya mkato, kwa sababu ndiyo tuliyoizoea na kwa sababu nilikuwa na haraka. Sikuwa nimemaliza kilometa mbili simu ikatikisika mfukoni mwa shati. Gari lilikuwa linateleza, injini inanguruma, mikono yangu yote iko kwenye usukani. Ikatulia, kisha ikatikisika tena.

"Mbili," nikasema. "Nakuja, nesi, nakuja."

Nikaongeza mwendo. Ikatikisika mara ya tatu. Nikamwona Valentina amelala kwenye kile kitanda cha chuma cha zahanati, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Simu iliendelea kutikisika, ya nne, ya tano, na kila ilipotikisika nilizidi kukimbiza. Nilikuwa naomba na kutukana kwa pumzi moja.

Nilipofika korongoni sikuona daraja. Makalavati yalikuwa yamesombwa, maji mekundu yanapita na matawi. Ng'ambo hapakuwa na mtu. Nikatoa simu, nikakuta imeita mara saba, na mtandao hakuna hata kidogo kule bondeni. Nikafikiri wako njiani wanakuja na machela, watafika ukingoni tupange namna ya kuvuka. Nikapiga honi. Nikangoja. Nikapiga tena. Nusu saa nzima nilisimama pale nikimlaani shemeji yangu Anselmo, mume wa Valentina, kwa kujikokota kwake, nikimlaani Goreti kwa kubipu bila kuleta mgonjwa.

Ndipo ng'ambo akatokea mzee Severini, jirani yao, anasukuma baiskeli. Aliponiona aliitupa chini.

"Dereva! Wewe unafanya nini hapo?"

"Namngoja Valentina!"

"Wenzako wako ghalani! Wamembeba tangu daraja lilipokatika. Nesi anakupigia uende huko, hupokei!"

Sikumbuki hata nilivyogeuza gari kwenye matope yale. Nakumbuka nilichofikiri: ile lugha yetu ya bipu tuliitunga wenyewe, na ndani yake mlikuwa na njoo, na haraka, na kimbia. Hatukuweka ya kusema usije huku.

Pale ghalani wanawake walikuwa wamesimama duara, wameshika khanga kuwa pazia. Walipolisikia gari hakuna aliyegeuka kunitazama, nikajua. Mtoto alikuwa wa kiume. Goreti alikuwa amemfunika. Valentina alikuwa anatoka damu, mdomo mweupe, na aliponiona alisema, "Kaka, umefika," kwa sauti ya mtu anayeshukuru. Ningependa anitukane.

Tulimfikisha hospitali ya Ruangwa akiwa hai, na madaktari wakaizuia damu. Alasiri tulikaa barazani, Anselmo na mimi, kile kifurushi kidogo katikati yetu juu ya benchi. Shemeji akauliza, polepole, "Ilikuwaje, shemeji?"

"Mtandao," nikasema. "Mtandao ulikatika."

Akautukana mtandao, na minara yake, na wote wanaouza vocha. Halafu akaniwekea mkono begani.

"Si kosa lako. Gari lilivyotapakaa tope, kila mtu kaona ulivyohangaika. Mungu ndiye anajua."

Goreti alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Alinisikia. Yeye ndiye aliyesimama juani sikio likiwa kwenye simu, akisikiliza inavyoita mpaka inakata, mara saba. Angeweza kusema, wala nisingembishia. Alitazama chini tu, akasogeza beseni mkono wa pili, akaniachia uongo wangu.

"Iliita," nikasema.

Anselmo akanigeukia.

"Iliita mara saba, shemeji. Ilikuwa hapa mfukoni. Sikupokea."

Akauondoa mkono wake begani kwangu, akauweka juu ya kile kifurushi.

"Kwa nini, Teo?"

"Niliihurumia dakika ya nesi."