Kichwa cha Khaled

Khaled alikuwa fundi magari wa Buyenzi, kijana mpole mwenye kichwa kipana ambacho kofia za sokoni zilikikataa. Mchumba wake, Assia, alikuwa anasomea udaktari na alipanga chumba Mutanga Sud, karibu na chuo. Wakati huo walikuwa wanafundishwa mifupa ya fuvu. Siku moja, akiwa bado darasani, Assia akamtumia Khaled ujumbe: "Chéri, leo nimegundua kitu. We ni brachiocéphale kabisa! Nimecheka sana."

Khaled aliusoma akiwa amelala chini ya gari. Hakutaka kumuuliza Assia, asije akaonekana hajui kitu. Akampelekea simu Jimmy, fundi mwenzake wa gereji. Jimmy akalitafuta neno hilo kwenye mtandao, na mtandao ukamletea picha ya mshipa mnene wa damu kifuani, unaopeleka damu mkononi na kichwani.

"Mukono na kichwa," Jimmy akasema, akikuna kidevu. "Anataka kusema we unafikiria na mikono. Kichwa ni ya kupamba tu."

"Assia hawezi kunisema hivyo."

"Si ameandika amecheka sana? Soma mwenyewe."

Kuanzia hapo Khaled hakupokea tena simu za Assia. Alimwambia mama yake, Sijaona, kwamba posa isimame kwanza, maana msomi amemtukana. Sijaona hakuwa mtu wa kungoja. Jumapili iliyofuata alijifunga kanga, akamkokota mwanawe hadi sebuleni kwa mzee Massoudi, baba yake Assia, na shangazi mmoja wa Khaled nyuma yao kama shahidi.

Massoudi akamwita binti yake. "Assia, ulimuita mutoto wa watu nini?"

Assia akatazama ujumbe kwenye simu ya Khaled, akaziba mdomo kwa kiganja. "Yallah! Nimekosea kuandika. Hii ni jina la mshipa. Mi nilitaka kusema brachycéphale, na i grec, ile herufi y. Hakuna o ndani."

Wote wakapumua. Khaled hata akatabasamu.

"Alhamdulillah," Massoudi akasema. "Na hiyo ya i grec, maana yake nini?"

Assia akasita. "Brachio ni mukono. Brachy ni... fupi."

"Fupi na céphale?"

"Kichwa fupi."

Shangazi akapiga mapaja. Khaled akasimama. "Basi afadhali ile ya mukono!"

"Apana, ngoja! Sijasema akili!" Assia alikuwa karibu kulia. "Ni umbo. Toka kwenye paji mpaka kisogoni ni karibu, toka sikio mpaka sikio ni pana. Ni hivyo tu, kuna watu wengi hivyo." Kwa kukosa mfano mwingine, akamvua baba yake kofia, akakibana kichwa chake kwa viganja viwili. "Muangalie! Hata baba ni brachycéphale!"

Mzee Massoudi, aliyeogopwa na soko zima, alibaki ameshikwa masikio mbele ya wageni. Hakuna aliyethubutu kucheka, hadi Sijaona aliposema polepole:

"Mwanangu, hukuwa na haja ya kusoma hiyo chuo. Kichwa ya Khaled mi ndiye niliizaa. Upana wake mungeniuliza mi."

Massoudi ndiye aliyeanza kucheka, na akacheka mpaka akaomba maji. Shangazi, aliyekuja kutoa ushahidi, akavua kilemba na kutaka naye aambiwe kichwa chake ni cha aina gani. Habari za kuvunja posa hazikutajwa tena. Chai ilipoletwa, walikuwa wanazungumzia ndoa.

Assia akamsindikiza Khaled hadi mlangoni.

"Na kichwa yako we?" Khaled akamuuliza.

"Ndefu. Dolichocéphale."

"Watoto wetu je?"

Assia akafikiri kidogo. "Labda ya katikati. Iko na jina yake."

"Hiyo jina usiniandikie," Khaled akasema. "Utakuja kuniambia na mdomo."