Mkono Usiojua Kuachia

Gogo lililompiga mdogo wangu Makoye kichwani lilidondoka kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, ambalo mwenyewe mpaka leo hajaja hata kutoa pole. Ubongo ukaumia, mkono wa kulia ukalala. Tukamtoa Geita hadi Shinyanga, hospitalini ambako watafiti walikuwa wakijaribu sindano za peptidi, vipande vidogo vya protini ambavyo wao walitumaini vingeusaidia ubongo kutafuta njia nyingine ya kuufikia mkono. Sindano kwanza, halafu mazoezi. Na mkono ukaamka. Sitasema uongo kwa sababu ya hasira: niliona kidole gumba kikicheza, nikaenda kulia nyuma ya jengo la kufulia.

Siku moja wakaja wafadhili. Mmoja alikuwa amefundishwa kusema "mwangaluka", akatupa hiyo salamu ya asubuhi ya Kisukuma jua likiwa utosini.

"Mwadila," akajibu Zipora, mke wa Makoye, kwa salamu ya mchana. "Ya asubuhi imekupita njiani, baba."

Wagonjwa kwenye benchi wakacheka. Hata Daktari Aneth, msimamizi wa utafiti, alicheka, kisha akaweka mezani kikombe cha bati chenye maji. "Baba Wema, waonyeshe wageni."

Makoye akautazama mkono wake kama anayesubiri ng'ombe mkaidi ainuke. Vidole vikakizunguka kikombe, kikapanda mpaka mdomoni. Akanywa. Wageni wakapiga makofi, wengine wakarekodi kwa simu.

"Haya, kiache," Zipora akasema.

Kikombe kikashuka mezani. Vidole havikufunguka.

"Kufungua huchelewa kuliko kufumba," Daktari Aneth akasema upesi. "Ndiko tulikokuwa tunaelekea."

"Tulikokuwa? Na sindano?"

"Zinaishia leo, Mama Wema, muda wa majaribio umekwisha. Ripoti ikipita, labda..."

"Ripoti tunazijua," nikadakia. "Walikuja watafiti wa zebaki, wakatutoa damu wachimbaji wote. Majibu yako wapi? Wakaja wa vumbi la mapafu, tukapuliza bomba lao mpaka kizunguzungu. Majibu yako wapi? Huyu hushuka duarani kwa kamba, daktari. Mkono unaoshika usiachie utamfikisha wapi?"

"Shemeji, taratibu," Zipora akaninong'oneza.

Yule wa mwangaluka akauliza nimesema nini. Daktari Aneth akanitazama kidogo, akamtafsiria. Nilijua atalainisha. Hakulainisha, niliona uso wa mgeni ukibadilika. Akaitikia kwa kichwa, akasema wamenisikia, wakaelekea kwenye gari. Nyuma yao kijana wao alibeba boksi la barafu lenye dawa zilizobaki.

Daktari Aneth akarudi, akapiga goti mbele ya Makoye, akaanza kumbandua kidole kimoja kimoja.

Makoye akauvuta mkono. "Niache, daktari. Nitafungua mwenyewe."

Nje gari likawashwa, likaondoka. Sisi tukabaki palepale benchini, mimi na Zipora na daktari, tunakitazama kidole gumba.