Nasari Mbili Kando ya Barabara ya Miwa

Mwalimu Edinah hakuwa na haja na nasari ya ng'ambo ya barabara. Shule gani hiyo, ukuta mzima twiga na ndovu, na watoto wenyewe hawajui kuhesabu hata vidole vyao? Vitu vya kuchezea vimekaa juu ya kabati, bado viko ndani ya nailoni, eti visichafuke. Mwalimu wa pale, Valentine, uhodari wake ulikuwa kupiga deki tu.

Nasari zote mbili zilikuwa za kaunti, hapa nje ya Awendo, zinatazamana, matrekta ya miwa yakipita katikati. Sasa kaunti ilikuwa imechoka kulipa walimu wawili mahali pamoja. Jumanne ofisa angekuja kuzilinganisha: moja ibaki, nyingine ifungwe, mwalimu wake aende nyumbani. Edinah alikuwa na miaka tisa kazini na hakutishika hata kidogo. Chini ya mabati yake yaliyotoboka, watoto ishirini na wanne walihesabu vizibo vya soda mpaka mia. Ofisa si ana masikio?

Jumanne hiyo Valentine akabandika uji wa wimbi, maziwa na sukari ndani. Harufu ikavuka barabara. Edinah alikuwa na unga wake kwenye ndoo, lakini kwake uji ulikuwa wa Ijumaa, naye hangebadilisha siku kwa ajili ya mtu wa suti.

"Yule ananunua watoto," alimwambia Nyarangi, mama mmoja aliyekuja kumleta bintiye Risper kwa kuchelewa. Utamu wa kumteta mtu ukamkolea, akamsindikiza Nyarangi hadi kule kona, mdomo haujafunga.

Aliporudi, magunia ya kukalia yalikuwa matupu.

Akavuka mbio. Watoto wake wote walikuwa uani kwa Valentine, wamepanga foleni. Ofisa Jared alikuwa amechuchumaa mbele ya Risper, aliyekuwa anahesabu vikombe, ameshapita thelathini bila kukosea.

"Nani alikufundisha?" Jared akauliza.

"Mwalimu Edinah."

Edinah, pale langoni, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa. Haya, sasa wasikie.

"Na yuko wapi? Nimepita kwake nikakosa mtu."

"Ameenda na mama. Wanamsema Mwalimu Valentine."

Jared akainua macho, akamwona. Akatazama barabara, trekta likipita na mzigo wake. "Mwalimu, hawa wamevuka hapa peke yao?"

Edinah akaanza kuwahesabu watoto wake kwa kidole.

"Niliwavusha mimi," Valentine alisema, akiendelea kumimina uji. "Nilimshika kila mmoja mkono."

Jared aliandika hilo kwenye fomu, polepole, kisha akamwomba Edinah ufunguo wa nasari yake.